Rili ya Shaba na Mto Uliopungua

Mke wangu ndiye aliyeanza kukusanya rili za kale. Mimi nilikuwa nafundisha fizikia Njoro na sikujua lolote kuhusu uvuvi, mpaka siku alipotoka kwenye mnada wa nyumba moja ya zamani ya walowezi, akaniwekea mezani kigurudumu cha chuma kilichojaa kutu.

"Sikiliza," akasema, akazungusha kishikio chake.

Kikatoa mlio mkavu, krrr, kama panzi aliyefungiwa koponi. Rili ndiyo kigurudumu kinachokunja mshipi kwenye fimbo ya kuvulia trauti, samaki wa maji baridi ambao walowezi waliwapandikiza katika mito ya Mau. Sisi tulijifunza kuwavua kwa ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na nzi.

Miaka ikapita, rafu ya sebuleni ikajaa rili. Mimi nilizisafisha kwa mafuta ya taa, nikazilainisha kwa mafuta ya cherehani. Lakini mke wangu hakutaka mapambo. Kila rili iliyoingia nyumbani ilibidi ifike mtoni. Zile za kale hazina breki ya maana. Samaki akikimbia, unaizuia kwa kiganja. "Hapo ndipo unamjua samaki," alizoea kusema, na kiganja chake cha kulia kilikuwa na ngozi ngumu kama ya mkata kuni.

Msimu wa mvua ndefu uliopita tulipata rili ya shaba kule Molo, nzito kuliko zote tulizokuwa nazo. Jumamosi iliyofuata tukaendesha pikapu hadi Kuresoi, kwenye mto tuliouzoea, unaotoka msituni na kupita chini ya mashamba ya viazi.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilitarajia kuukuta mto umejaa hadi ukingoni. Badala yake ulikuwa umepungua hadi tukayaona mawe ambayo sikuwahi kuyaona hata wakati wa kiangazi. Yalikuwa bado yanang'aa kwa unyevu. Hakuna ndege aliyelia. Hewa ilinuka udongo mbichi, kama pale kaburi linapochimbwa.

"Maji yameenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Afadhali," nikasema. "Leo hatutapambana na mkondo."

Mke wangu alitazama upande wa msitu, kisha akavaa gambuti zake na kuingia hadi katikati. Mimi nilibaki ukingoni nikifunga ndoana yangu.

Trauti alishika ndoana mara tu mke wangu alipotupa mshipi. Rili ya shaba ikalia kwa sauti nzito, samaki akikimbia kuteremka, mke wangu akiibana kwa kiganja. Nilikuwa nacheka. Kisha nikaona maji yanayompita magotini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yanaelea matawi yenye majani mabichi kabisa.

Mlimani juu yetu, mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi alisimama wima, jembe mkononi.

"Nyinyi! Tokeni kwa maji! Mnangoja nini?"

Ndipo nikasikia. Ilikuwa sauti kama ya malori mengi yanayopanda mlima kwa gia ya chini, ila upande ule hakukuwa na barabara.

"Achilia fimbo!" nikampigia kelele mke wangu.

"Siwezi! Mshipi umenishika!"

Alipogeuka kutoka, mshipi ulikuwa umemzunguka kifundo cha mkono, na upande wa pili ulikuwa umekwama chini ya jiwe. Niliingia na viatu vyangu vya shule. Shingoni nilikuwa na mkasi mdogo wa kukatia uzi. Kwa haraka nilimkata ngozi kabla ya kuukata mshipi. Maji yalikuwa kiunoni tulipofika ukingoni. Tulipanda kwa mikono na magoti katikati ya matuta ya viazi, yule mama akitushika nguo na kutuvuta. Nilipogeuka, mto wenyewe haukuonekana. Ulikuwa ukuta wa matope, magogo na mawe, ukipita pale tulipokuwa tumesimama, na ardhi ikitetemeka chini ya tumbo langu. Fimbo na rili vilikwenda nao.

"Mlima imeanguka huko ndani ikaziba mto, sasa maji imepasua," mama akasema akihema. "Tangu asubuhi nikiona maji inapungua, roho yangu imekuwa juu."

Daraja tulilopita kuja lilikuwa limesombwa, kwa hiyo tulilala kwake. Alikuwa mjane, akiishi peke yake. Asubuhi alitupeleka nyuma ya jiko lake kutuonyesha ufa uliokata shamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mke wangu alipiga magoti, akaingiza mkono wake uliofungwa kitambaa ndani ya ufa hadi kiwiko. Hakugusa chini.

"Mathe, usilale hapa tena," akamwambia.

"Na waru zangu?"

"Ziache."

Mama alitazama shamba lake la viazi, halafu mkono wa mke wangu. Njia ilipofunguka, tulirudi kwake na pikapu, tukahamisha kitanda, kuku na tangi la maji hadi kwa binti yake aliyeko Molo. Mama alikaa kati yetu mbele bila kugeuka nyuma.

Mvua zilipokaribia kuisha alipiga simu. Jiko na nusu ya shamba vilikuwa vimeteremka na mlima. Hakuna aliyeumia, kwa sababu hakukuwa na mtu.

"Lakini ile upande imebaki iko na waru," akasema. "Mnaweza kunisaidia kuchimba?"

Mke wangu hakuwa amegusa rili yoyote tangu siku ile. Wala hakutaka kusikia mto ukitajwa. Alinitazama, kisha akasema kwenye simu, "Tutakuja, mathe."

Tulienda. Tulichimba kwa zamu: wawili wakiinama, wa tatu akisimama akiutazama mlima.