Nimekunywa Kwanza, Nikauliza Baadaye

Wallahi leo nimekunywa maji kabla ya kuuliza yatoka wapi.

Na kuuliza ndiyo kazi yangu! Napita nyumba kwa nyumba hapa Magogoni nikikagua visima na vyoo.

Mama mmoja kanikaribisha kwa gilasi ya maji baridi. Matamu! Nikaomba ya pili.

Kisha akanionyesha kisima. Nikahesabu hatua kutoka chooni: sita tu.

"Mama, haya si maji ya kunywa!"

"Mbona umeyasifu?"

Nikafungua daftari niandike. Yeye akaendelea:

"Hata Kombo wa mkokoteni huja kuyachota hapa, akauze."

Kombo? Si ndiye anayenijazia mitungi nyumbani! Miaka yote hiyo, sijamuuliza.

Sasa niko jikoni, naitazama mitungi. Watoto washakunywa.

Nyinyi, yenu mwajua yatoka wapi?