Simu ya Begi Isiyozimwa

Ukitaka kumwona Baba Mkubwa akipandisha mori, mwambie simu za zamani zilikuwa matofali. Nimeona watu wazima wakifukuzwa sebuleni kwake, chai ikiwa bado mdomoni, kwa neno hilo moja. Na mimi namuunga mkono. Wanaocheka hawajawahi kuibeba simu ile wala kuingoja iite.

Baba Mkubwa ni kaka wa baba yangu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi wa kufunga simu kwenye magari. Karakana nzima ilimwita Antena. Mtu alileta gari jipya, viti bado vina nailoni, na yeye akapanda juu ya kigoda, akapima katikati ya paa, akatoboa tundu la antena. Wenye magari walikuwa hawawezi kutazama. Mmoja, mwanasheria mwenye kitambi na sauti ya kutikisa mahakama, alitoka nje akaziba masikio mpaka drili iliponyamaza. Mtambo wenyewe ulikaa kwenye buti, waya ukapita chini ya zulia hadi katikati ya viti vya mbele, na hapo ukafungwa mkono wa simu. Simu ikiita mwenyewe akiwa nje, gari lilipiga honi. Mtaa mzima ulijua fulani anatafutwa.

Halafu zikaja simu za begi, kwa watu ambao kazi yao haikuwa ya kukaa ndani ya gari. Begi la ngozi nyeusi, ndani mtambo na betri, kamba begani. Mama Mkubwa, mke wake, alikuwa mkunga, na zahanati yake ikampa moja. Aliibeba miaka sita hadi bega la kulia likashuka kuliko la kushoto, na likabaki hivyo. Ikiita, aliacha sufuria motoni, aliacha sabuni usoni, akaenda.

"Siku hizi simu inaita, mtu anaitazama tu kama nzi aliyeanguka kwenye chai," Baba Mkubwa husema, na hapo sauti imeshapanda. "Sisi ikiita tulikimbia! Tulijua kuna mtu upande wa pili!"

Simu ile ilikuwa na nafasi kumi za kuhifadhi namba. Mama Mkubwa alizijaza mwenyewe jioni moja mezani, kwa kidole kimoja, akikosea na kurudia, huku Baba Mkubwa amekatazwa kusaidia. Ya kwanza ilikuwa ya karakana, yaani ya mumewe. Ya pili ya daktari, ya tatu ya dereva wa gari la wagonjwa, na kuendelea hivyo. Kisha kampuni ya simu ikazima mitambo ya zamani na kuleta ya kisasa, na karakana, iliyokuwa mali yake, ikafungwa kwa barua ya mistari miwili. Simu zote zikawa takataka. Mwaka uliofuata Mama Mkubwa akafariki. Baba Mkubwa akabaki na begi, na namba kumi ndani yake.

Tatizo ni kwamba kibetri cha ndani, kile cha kutunza kumbukumbu, kilikuwa kimeshakufa, na vya aina ile havikutengenezwa tena. Umeme ukikatika hata dakika moja, namba zinafutika. Kwa hiyo akaiunganisha na betri ya gari, akaiweka juu ya kabati chumbani. Betri ikichoka, aliunganisha mpya kwanza ndipo akaondoa ile kuukuu. Kwa miaka ishirini na miwili simu ile haikuzimika. Akibonyeza moja, tarakimu nyekundu zilitokea: namba ya karakana ambayo siku hizi ni duka la magodoro.

Haya ya namba mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba mzee ana simu isiyozimwa, na nilidhani ni ukaidi. Nayaandika sasa nikiwa na hasira, na usiniulize hasira kwa nani mpaka nimalize.

Kampuni ilikuwa inasherehekea miaka yake, ikataka vitu vya zamani vya kuweka kwenye ukumbi wa mapokezi. Aliyepewa kazi hiyo ni mtu tuliyemwita Bisibisi. Alijifunza ufundi kwa Baba Mkubwa katika karakana ileile, na sasa ni mkuu wa mitambo, na tai shingoni. Alinipigia mimi, hakumpigia mzee, maana alijua mzee aliapa kutokanyaga tena pale tangu ile barua. Nikambembeleza Baba Mkubwa wiki nzima. Nikamwambia watu wataiona kazi yake, jina lake litaandikwa. Hapo akalegea, kama nilivyojua atalegea.

Alipakia begi na betri kwenye kreti kwa mikono yake, waya zikiwa zimeungwa.

"Mwambie Bisibisi isikatwe moto wa betri. Umesikia? Asiikate moto hata kidogo."

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

"Rudia."

"Isikatwe moto."

Bisibisi alishuka mwenyewe kunipokea. Tukacheka, akanikumbusha jinsi Antena alivyokuwa akimfokea mbele za watu, nikatia saini kikaratasi, nikaondoka. Sikusema. Na sikusahau, nataka hili lieleweke. Nilikumbuka nikiwa mlangoni, nikaona aibu kurudi kumpa mkuu wa mitambo masharti ya mzee mkaidi. Nikasukuma mlango nikatoka.

Siku ya tatu Baba Mkubwa akavunja kiapo chake, akavaa suti, akataka nimpeleke akaone jina lake. Simu ilikuwa ndani ya kabati la kioo, ngozi imepakwa dawa ya viatu. Pembeni yake kulikuwa na kibao: "Tofali la babu! Cheka kwanza, kisha piga picha." Jina halikuwepo. Damu ikanichemka, nikatafuta mtu wa kumfokea. Lakini yeye kibao hakukisoma. Alikuwa ameinama, anatafuta taa ndogo ya kijani kwenye mkono wa simu. Haikuwa inawaka.

Bisibisi akaja mbio. "Shikamoo, Mzee!"

"Nani amezima simu yangu?"

"Mimi, Mzee. Nilitaka kuisafisha ndani, ilikuwa na vumbi kwe..."

"Bwege wewe! Miaka mitano nimekufundisha kwa jasho langu, kumbe nilikuwa nafundisha kiti! Umefanya nini? Unajua umefanya nini?"

Ukumbi mzima ukageuka. Bisibisi, ambaye naye sasa ana mvi, alisimama mikono nyuma kama enzi zile. Alingoja mzee avute pumzi.

"Mzee, wewe ndiye uliyeandika ukutani kwa rangi nyekundu. Kata moto kwanza, ndipo ufungue. Nilipounguza mtambo wa yule mwanasheria ukaniambia nikisahau tena nisirudi kazini. Sijasahau hata siku moja. Ungenitumia neno tu, nisingeigusa."

Baba Mkubwa akanigeukia mimi.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia."

Nilingoja nifokewe. Nilitaka anifokee, tena kwa sauti kubwa kuliko ile, ili jambo liishe palepale.

"Beba begi," akasema.

Ndani ya teksi ndipo aliponieleza habari ya zile namba, akitazama dirishani. Nikamwambia tutaziingiza upya, hata leo hii. Akaguna. Akazitaja zote, ya kwanza hadi ya kumi, bila kusita, mpaka dereva akageuka akidhani anaambiwa yeye.

"Kichwani ninazo," akasema. "Hizo za mle alibonyeza yeye, kwa kidole kimoja."

Nyumbani tuliirudisha juu ya kabati, akaunganisha betri. Taa ya kijani ikawaka vizuri kabisa. Akabonyeza moja, akangoja. Kioo kikabaki kitupu. Akabonyeza mbili, akangoja. Alikwenda hivyo hadi kumi. Mimi nimesimama mlangoni, naichukia kampuni na kibao chake, namchukia Bisibisi kwa utii wake, na wote hao nilikuwa nawatafuta tu ili nisifike kwangu mwenyewe na ile aibu yangu ya kijinga.

"Chomoa," akasema.

"Baba Mkubwa, si tuiache tu iwake?"

"Ulinyamaza ikazimwa mimi sipo. Sasa nipo. Njoo uizime mbele yangu."

Nikapanda juu ya kigoda, kilekile cha karakana. Nikashika waya mwekundu.

"Mweusi kwanza!" akafoka, kwa sauti yote aliyoniwekea tangu kule ukumbini. "Mweusi kwanza! Hata kuzima hujui?"

Nikauacha mwekundu. Nikachomoa mweusi.