Koti la Studio

Jamani, leo msanii mkubwa nimekosolewa kwa sababu ya koti!

Jirani yangu Bi Mwanaisha alinipa picha ndogo ya marehemu mumewe, hana nyingine, nimchoree kubwa ya ukutani. Mimi niliyefika mpaka Mombasa nikamchora kwa hisia: uso wa kijani, koti la buluu.

Alipokuja kuiona, nilijua uso utaniponza.

"Koti la nani hili?"

"Si limo pichani, Bi?"

"La studio hilo! Huazimwa na kila anayepigwa picha. Mume wangu kafa hajamiliki koti."

"Na uso?"

Akajifuta machozi. "Uso ndio yeye. Akinikasirikia alikuwa hivyo hivyo. Mvishe kanzu yake nimtundike."

Nnapaka kanzu sasa. Nyie mliocheka kijani, nendeni mkabishane na mjane!