Saa ya Utepe ya Bi Mauza

Bi Mauza anauza lesi, vifungo na tepe katika duka jembamba la Kariakoo, ambamo mteja mnene akitaka kuingia inabidi wa ndani atoke kwanza. Ni mjane, anaishi ghorofani Mchafukoge, na ana kitu kimoja ambacho watu huja kukiomba kwa heshima: saa yake ya mkono.

Ni saa ya dhahabu, nyembamba, ya mstatili, saizi ya kashata iliyokatwa na mtu mwenye subira. Uso wake una rangi ya tui. Ina mishale miwili tu. Kwa harusi za Dar es Salaam, ambazo kadi husema saa kumi na watu huanza kuoga saa kumi na moja, mshale wa sekunde ungekuwa utovu wa adabu. Haina mkanda wala mnyororo. Inafungwa kwa utepe mweusi wa satini, ambao Bi Mauza huukata dukani na kuushona mwenyewe. Mwanamke mwenye hina mpya akiivaa, vitu vingine vyote anaweza kuviacha nyumbani.

Alipewa na marehemu mumewe, Turki, siku ya ndoa yao. Ndoa ilipangwa baada ya Alasiri. Turki akafika Maghribi imeshaadhiniwa, akaeleza habari za pancha ambazo hakuna aliyeziamini, kisha akamvalisha saa. "Uwe unanihesabia," alisema. Akamhesabia mpaka alipomzika.

Jirani yake wa duka, Awadhi, anauza saa za kisasa zinazoongea na simu.

"Bi Mauza, hii yangu inahesabu hatua ulizotembea."

"Kwani miguu yako haikwambii?"

"Inapima na mapigo ya moyo."

"Yangu inayasababisha."

Hilo lilikuwa kweli. Mabibi harusi wengi wa Ilala wameolewa na saa ile mkononi. Bi Mauza hakutaka malipo. Sharti lilikuwa moja, irudi, na siku zote ilirudi, mara nyingine na kipande cha keki.

Safari hii aliyeiomba hakuwa bibi harusi. Alikuwa Sophia wa Magomeni, shoga yake tangu usichana, aliyekuwa akimwoza mwanawe Idrisa. Siku ya kupeleka begi la zawadi kwa kina bibi harusi, Sophia alitaka na yeye aonekane ni mama wa mtu.

Asubuhi ile wanawake walipanga zawadi kwenye masinia: kanga, viatu, udi, bangili. Ilipofika zamu ya kunyunyiza marashi, Sophia akavua saa isiingie maji, akaiweka pembeni mwa sinia, kando ya bangili. Mtu akamwita, akageuka. Mtu mwingine, mwenye bidii, akalifunika sinia kwa kitambaa cha kutarizi.

Kule walikopeleka, desturi ni shangazi kufunua na kunyanyua kitu kimoja kimoja, ili wasiokuja wahadithiwe vizuri. Akanyanyua bangili. Kisha, kwa vidole viwili, akanyanyua saa.

"Na saa, jamani. Tena ya kizamani. Mkwe huyu ana jicho."

Sophia akabadilika rangi. Kusema "hiyo si zawadi" mbele ya ukumbi mzima ni kusema mwanawe anapelekea watu vitu vya kuazima, na maneno hayo yangeishi kuliko ndoa yenyewe. Akamtazama Bi Mauza, aliyekaa miongoni mwa wasindikizaji. Bi Mauza akapiga kigelegele. Ukumbi ukampokea.

Kesho yake Sophia alikuja dukani macho mekundu.

"Shoga, nakwenda kuidai."

"Ukaseme nini?"

"Niseme ukweli."

"Ukweli mpelekee kadhi. Mwanao anaoa Ijumaa."

"Ni saa ya Turki, Mauza."

"Turki mwenyewe alinichelewesha na bado nikaolewa. Kaa unywe kahawa."

Sophia akanywa. Alipoondoka, Bi Mauza akafunga duka mapema, jambo ambalo hata mafuriko hayajawahi kulisababisha. Siku zilizofuata aligeuza mkono kutazama saa, akaona ngozi. Awadhi, ambaye hakuambiwa kitu, akamletea moja ya saa zake, akadai ina kasoro, haiuziki. Haikuwa na kasoro yoyote. Bi Mauza akamshukuru, akaivaa. Ikamshauri asimame atembee. Akaivua.

Fungate ilipokwisha, bibi harusi, Anfal, aliingia dukani peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoa inasemaje?"

"Bado haijaanza kusema."

Akatoa leso mkobani, akaikunjua. Ndani ilikuwemo saa.

"Juzi nilienda kwetu. Ukutani kuna picha ya mama siku ya harusi yake. Nikaona saa hii hii mkononi mwake, na utepe wake. Siku ya begi mama alikuwa jikoni na pilau, hakuona kitu. Nilipomuuliza mama akaniambia, 'Hiyo aliniazima Bi Mauza wa lesi, na mimi nikairudisha.'"

"Mama mkwe wako anajua uko hapa?"

"Nilimwambia utepe umelegea, naipeleka kwako ushone mwingine. Akalia. Mtu halilii utepe, bibi. Nikajua, sikumuuliza."

Bi Mauza alijaribu kumkumbuka mama yake Anfal, akashindwa; walikuwa wengi mno. Miaka yote alidhani anawafanyia hisani mabinti wale. Kumbe wao ndio walikuwa wakimtunzia saa yake, ukutani, ndani ya fremu.

"Ahsante kwa saa, mwanangu," alisema. "Na kwa kutomuuliza, ahsante zaidi."

Akakata utepe mpya, akaushona bila haraka. Akaitia saa ufunguo, akaiweka sikioni. Anfal alibaki amesimama, akichezea vifungo ambavyo hakuwa na haja navyo.

"Bibi, Jumamosi kuna walima, karamu ya harusi ya binamu yangu."

Bi Mauza akaifunga saa mkononi mwake mwenyewe, akaitazama vizuri.

"Ijumaa naivaa mimi. Jumamosi asubuhi pita uichukue," alisema. "Ila mwanangu, kaa nayo mbali na masinia."