Sare ya Kamati ya Machibya

Paskazia ni fundi cherehani wa Mabatini, mjane aliyetoka Ukerewe na cherehani moja na ulimi wa watu wanne. Kibanda chake kinatazamana na meza yangu ya chipsi, kwa hiyo umbea wa mtaa hunifikia ukiwa wa moto kuliko viazi.

Mwezi wa sita aliishonea kamati ya mtaa ya ulinzi wa mtoto mashati ya kitenge, kifuani akadarizi: MTOTO NI WA SHULE, SI WA NDOA. Mwenyekiti wao, mzee Machibya, alihutubia Siku ya Mtoto wa Afrika mpaka akalia. Shati lake alilivaa hadi kanisani.

Mwezi Agosti Machibya akaingia kibandani na kitambaa cheupe na binti yake Precious, kidato cha pili, bado yuko kwenye sketi ya shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni kipaimara?"

"Gauni la harusi," baba akadakia. "Jumamosi hii. Muoaji ana mitumbwi ya dagaa kule Ilemela. Ng'ombe wameshafika."

Futi ya kupimia ikamponyoka Paskazia. Mimi nikaunguza chipsi za watu.

"Mwenyekiti! Na kamati je?" Paskazia akauliza.

"Si ndiyo hiyohiyo kamati ya harusi! Tumeshazoeana. Na sare tunazo, za nini gharama mara mbili?"

Naapa hakuwa anatania.

Paskazia akaokota futi. "Basi tupishe, baba Precious. Mwanamume hasimami kwenye vipimo vya bibi harusi."

Machibya akaondoka anapiga mluzi.

"Unataka kuolewa?"

"Nataka kufanya mtihani wa Novemba," Precious akanong'ona.

Wakatokea mlango wa nyuma hadi polisi, dawati la jinsia na watoto.

Machibya kusikia hivyo, akaikusanya kamati nzima, wote ndani ya sare, wakaenda kituoni kumdai mtoto. Nilifunika viazi nikawafuata. Afande wa dawati, binti mgeni mjini, alisoma vifua vyao akasimama kwa furaha.

"Karibuni sana, wazee! Mmefika wakati muafaka. Kuna baba anataka kumuoza mwanafunzi. Mnamfahamu?"

Wajumbe wote wakamgeukia Machibya. Machibya naye akageuka, akatazama nyuma yake. Nyuma kulikuwa na ukuta.

Ng'ombe walirudi kwao. Kitambaa cheupe Paskazia alikishona mashati mawili ya shule, na Novemba Precious aliingia kwenye mtihani amevaa mojawapo. Machibya bado anadai gauni lake.