Toleo la Krismasi

Hao watu wanaotoa Linux mpya, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kila baada ya miezi sita, sijui wanawahi wapi. Nimejiuliza swali hilo miaka mingi, mara nyingi nikiwa peke yangu jikoni, na sijapata jibu la kuniridhisha. Wapo watakaoniambia ndiyo maendeleo. Sawa. Mimi naijua kahawa ya mama: inavunwa msimu mmoja kwa mwaka, na huo mmoja wenyewe unatutoa jasho.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafanya kazi kwenye kafe ya intaneti mjini Moshi. Dada yangu mkubwa alikuwa kijijini Kilema, mlimani, nyumbani kwa mama, haoni. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, presha ya macho ikamla polepole, mpaka siku moja akaandika ubaoni juu ya maandishi yake mwenyewe na darasa zima likanyamaza kwa huruma. Wiki ile ile akafungasha. Aliniambia kilichomuuma ni kule kunyamaza kwao. Kama wangecheka angewaadhibu, yakaisha.

Kuna mgeni wa kujitolea aliyekuwa anakuja kafe. Alipokuwa anarudi kwao aliniachia CD ya Linux. Ndani yake mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti chochote kilichopo kwenye skrini, tena bure. Kwa kompyuta walizozoea watu, programu ya namna hiyo iliuzwa bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Kafe walipobadilisha mashine nilichukua moja iliyochoka, nikaiwekea ile Linux, nikaipandisha Kilema kwenye pikapu katikati ya magunia ya pumba, nikamvalisha dada hedifoni.

Sauti yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Ikisoma Kiswahili ilikuwa kichekesho, kama padri mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege na leo kapewa misa ya kwanza. "Wanafunzi" ilitoka "wonafanzai". Tukaibatiza Padri. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akamzoea. Kupiga chapa bila kuangalia alikujua tangu chuo cha ualimu, kwa hiyo aliandika, na Padri akamrudishia neno kwa neno. Mama akipita na majani ya ng'ombe aliuliza, "Padri wenu bado anahubiri?" Dada alijibu kwamba bado, na sadaka haijapita.

Sikuwa nimemsikia akitania tangu aache kazi. Alianza kuandaa masomo, ya kidato cha kwanza, cha pili, na kuendelea, kana kwamba kesho kengele italia. Mimi nilimwacha. Niliona ni namna ya kujiliwaza tu.

Kumbe habari zilishatembea. Mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Old Moshi, mama mmoja aliyewahi kufundisha pamoja na dada, alikuja nyumbani Jumapili moja ya Novemba. Hakuwa na mwalimu wa Kiswahili. Alikunywa chai yake, akasema waziwazi: shule zikifunguliwa Januari, dada aende na kompyuta yake mbele ya bodi. Watampa insha za wanafunzi kwenye flashi, insha ambazo hajawahi kuzisikia. Azisome na kuzisahihisha mwenyewe, bila mtu wa kumnong'oneza. Akiweza, darasa lake. Dada alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, mimi narudi darasani."

Tatizo lilikuwa Padri. Kwa maandishi ya dada mwenyewe hakusumbua, maana dada alijua alichoandika. Lakini tulipomjaribisha kwa insha za watoto wa jirani, zenye makosa yao ya kawaida, dada hakuweza kujua kosa ni la mtoto au ni la Padri. Alirudia sentensi moja mara nyingi mpaka akavua hedifoni kwa hasira. Akaniuliza kama hakuna sauti ya Kiswahili. Nikamwambia nimesoma kwamba ipo, katika toleo lililotoka Oktoba.

Basi hapo ndipo utaratibu wa miezi sita ulipotuingilia nyumbani. Toleo lingine lilitoka Aprili, hili likatoka Oktoba, na lijalo lingetoka Aprili tena. Kushusha CD nzima kwa intaneti ya Moshi ya wakati ule ilikuwa ndoto. Ungeanza Jumatatu, umeme ukatike Jumatano. Posta nayo haikuwa ya kutegemea; ilibidi CD ije kwa mkono wa mtu. Na mtu alikuwepo, kaka yetu wa Dar.

Kwetu Desemba kila mtu anapanda mlimani kurudi nyumbani kwao. Nyumba inapigwa chokaa, watoto wanashonewa nguo, sufuria kuukuu zinatolewa jikoni na kupewa kazi ya kunyweshea kuku. Krismasi haimkuti mtu na kitu cha zamani kama uwezo wa kipya upo. Kaka alishuka kwenye gari na mchele, mafuta, vitenge viwili vya mama, na CD mpya kwenye bahasha ya kaki. "Kila mtu amepata kipya," alisema, "na kompyuta ya mwalimu je?" Tulimpigia makofi. Hakuna aliyesema tungoje mpaka Januari ipite, kwa sababu hakuna anayengoja Krismasi ipite ndipo avae nguo mpya. Dada mwenyewe ndiye aliyenihimiza. Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mabegani mwangu, tangu CD inaingia mpaka mashine inajizima na kuwaka.

Ilipowaka, alivaa hedifoni akasikiliza. Nikasubiri atabasamu.

"Hasemi," alisema.

Nikaweka wimbo, ukasikika safi kabisa. Nikawasha programu ya kusoma, kimya. Nikaizima na kuiwasha, nikachomoa na kuchomeka, kaka akapiga kasha kwa kiganja kama redio ya zamani. Hakuna. Kesho yake nilishuka mjini mkesha wa Krismasi, kafe imefungwa, nikafunguliwa kwa hisani, nikatafuta. Watu wa nchi nyingine walikuwa wanalalamika jambo lile lile. Katika toleo jipya walibadilisha namna kompyuta inavyogawa sauti, na programu ya kusoma ikawa haipati zamu. Chini yake kulikuwa na jibu la mtaalamu mmoja, la upole: linajulikana, litarekebishwa katika toleo la Aprili.

Aprili. Bodi inakaa Januari.

Nikasema hakuna shida, tutarudisha la zamani, turudi kwa Padri wetu, na dada apambane naye hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani niliuliza CD ya zamani iko wapi. Mama alinionyesha kwa fahari. Kwa vile mpya imekuja, alikuwa ameitoboa kwa msumari na kuining'iniza juu ya vifaranga, ing'ae na kumfukuza mwewe. Kweli mwewe hakuja. Sikuweza hata kumgombeza. Alifanya tunachofanya sote Desemba. Niliandika hata kwa wale wanaotoa Linux hiyo, maana wao huwatumia watu CD bure kwa posta. Wakajibu kwa adabu kwamba wanatuma toleo jipya tu.

Dada alikwenda Old Moshi siku aliyoitwa, mimi nikiwa nimemshika mkono, kompyuta tumeiacha Kilema. Aliamkia wazee wa bodi, akaeleza kilichotokea bila kuongeza neno. Walimsikiliza vizuri. Walimwambia aje kitakapotengemaa. Lakini wanafunzi hawawezi kukaa bila mwalimu, kwa hiyo mwezi uleule wakamchukua kijana aliyemaliza chuo, mwalimu mzuri, ninavyosikia. Siku ile ya bodi, njiani kurudi, nilimwambia dada pole. Akaniambia, "Usinipe pole kama wale watoto." Tukatembea hadi stendi.

Sitafuti wa kumlaumu. Kaka alileta zawadi, mama alilinda vifaranga wake, na wale waandishi wa programu huko waliko walikuwa wanajaribu kutupa kilicho bora. Lakini ninajuta, na siwezi kusema sijuti. Ninajuta kwamba kitu kilichokuwa kinasaidia kilibadilishwa kwa sababu tarehe ya kukibadilisha imefika. Siku hizi yapo matoleo yanayotunzwa miaka mingi bila kubadilishwa, unakaa na moja unalijua kama unavyoijua nyumba yako gizani. Nikiyasoma maelezo yake napandwa na hasira. Tungepewa hilo wakati ule, basi.

Dada hakuigusa tena kompyuta. Mama aliifunika kitambaa, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Toleo la Aprili lilitoka Aprili, kama walivyoahidi, na CD yake ikatufikia Julai, wakati wa kuchuma kahawa. Niliiweka kwenye kompyuta Jumamosi moja bila kumwambia dada, nikaijaribu mwenyewe kwanza. Sauti ilitoka, tena Kiswahili, kilichonyooka, kila silabi mahali pake. Nilitaka kulia. Nikamwita dada kutoka shambani, akaja na vidole vyenye utomvu wa kahawa, akafuta mikono kwenye kanga, nikamvalisha hedifoni na kumfungulia somo moja la kidato cha pili aliloliandaa mwenyewe mwaka uliopita.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuruka hata sentensi. Kisha akavua hedifoni, akaitafuta meza kwa mkono, akaiweka taratibu.

"Inasoma vizuri," alisema. "Vizuri sana, mdogo wangu. Sasa inisomee nini?"