Wamefyeka Mazalia Wakasimika Kibao

Jamani, nina hasira!

Mwezi uliopita wataalamu wa mradi wa kulinda samaki walikuja kijijini kwetu, huku ziwani Muleba, eti kuchukua "maarifa ya wenyeji."

Mama yangu, anayeanika dagaa hapa tangu kabla sijazaliwa, akawaonyesha matete ambamo sato wanazaliana. Wakaandika. Wakampigia na makofi!

Leo wamerudi na kibao kikubwa: MAZALIA YA SAMAKI, USIGUSE.

Ili kionekane vizuri kutoka barabarani, wamefyeka matete.

Yote!

Halafu wakamwita Mama asimame nacho wapige picha, kwa sababu yeye ni "mdau."

Mama akawauliza, "Waitu, ndugu zangu, sasa samaki wazalie kwenye kibao?"

Wakacheka.

Mnaosoma hii mkiwa Bukoba mjini, nyie mngecheka?